Maua ya Kwanza na Daftari la Mtunza Bustani

Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama vile Uingereza, majira ya baridi hudumu miezi mingi. Miti mingi hupukutisha majani, mchana huwa mfupi, na udongo mara nyingine huganda. Kisha, mnamo Januari au Februari, kabla baridi haijaondoka, ua dogo jeupe huchomoza ardhini na kuinamisha kichwa. Wataalamu wa mimea huliita Galanthus nivalis. Hilo ndilo ua ambalo mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba hulingojea kwa hamu. Baada yake huja krokasi za zambarau na manjano, halafu dafodili, na hatimaye maua ya miti ya matunda. Mwenye bustani hutoka asubuhi na kikombe chake cha chai, huinama, hutazama, na kufurahi.

Je, furaha hiyo ina thamani yoyote kwa sayansi? Wako wanaodhani kwamba sayansi ni kazi ya maabara na mitambo ya bei kubwa, na kwamba kupenda maua ni pambo la watu wenye nafasi. Mawazo hayo yameenea hata katika shule za sekondari, na yana madhara. Ukweli ni kwamba furaha ya mtunza bustani, ikifuatana na daftari, imezaa elimu ambayo hakuna maabara ingeweza kuizaa.

Yafaa kwanza kueleza mtunza bustani huyo huona nini. Galanthus huota kutokana na tunguu, yaani kiungo cha chini ya ardhi kinachofanana na kitunguu. Ndani ya tunguu kuna akiba ya chakula kilichotengenezwa na majani ya mwaka uliopita. Ndiyo maana mmea huu waweza kuchanua kabla jua halijapata nguvu, na ndiyo maana mtunza bustani mwenye busara hayakati majani yake mara maua yanapokwisha. Usiku wa baridi kali mashina yake hulala chini kama yaliyokufa. Jua likipanda na barafu ikiyeyuka, husimama tena.

Krokasi nayo hufunguka kukiwa na joto na kujifunga kukiwa na baridi. Sababu yake ni ukuaji: joto likizidi, upande wa ndani wa petali hukua upesi kuliko upande wa nje, na petali husukumwa wazi; baridi ikirudi, upande wa nje ndio unaotangulia, na ua hufumba. Katika siku za joto la kadiri hutokea malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya, ambao hupitisha majira ya baridi peke yao ardhini. Kabla ya kuruka, malkia hutetemesha misuli ya mbawa ili kujipasha moto. Asipopata maua ya mapema hatapata nekta, na bila nekta hawezi kuanzisha kundi jipya. Hivyo ua na mdudu hukutana kwa miadi, na tarehe ya miadi hiyo ni jambo la uhai na kifo.

Mimea huijuaje tarehe? Mingi ya nchi za baridi hupima baridi yenyewe. Tunguu la tulipu halitoi ua zuri mpaka lipitiwe na majuma mengi ya baridi. Anayetaka kulichanusha Dar es Salaam au Mombasa hana budi kulihifadhi kwanza katika jokofu. Kanuni hii huukinga mmea usidanganywe na siku mbili tatu za joto katikati ya Desemba. Baridi ikishatimia, joto ndilo linaloharakisha au kuchelewesha kuchanua. Kwa hiyo tarehe ya ua la kwanza ni aina ya kipimajoto, nacho hakinunuliwi dukani.

Aliyelitambua jambo hili mapema ni Robert Marsham, mwenye shamba katika kijiji cha Stratton Strawless, jimbo la Norfolk, Uingereza. Kuanzia mwaka 1736 aliandika tarehe za dalili 27 za majira ya kuchipua: ua la kwanza la Galanthus, jani la kwanza la mwaloni, mlio wa vyura, kuwasili kwa mbayuwayu. Mwaka 1789 taarifa zake zilitolewa na Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London. Alifariki mwaka 1797, lakini jamaa zake waliiendeleza kazi hiyo, ingawa kwa kukatika hapa na pale, hadi mwaka 1958. Marsham alikuwa mtu wa mali na wasaa. Lakini kazi yenyewe ilihitaji macho, kalamu na uvumilivu tu.

Maandishi ya watu wa namna hiyo yaliposanywa pamoja yalitoa jibu kubwa. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza matokeo ya kuchunguza taarifa zaidi ya 400,000 za maua ya kwanza ya aina 406 za mimea ya Uingereza, kuanzia mwaka 1753 hadi 2019. Waligundua kuwa kati ya 1987 na 2019 mimea ilichanua kwa wastani mwezi mmoja mapema kuliko ilivyokuwa kabla ya 1987. Huko Kyoto, Japani, ambako tarehe za kuchanua kwa micheri zimekusanywa kutoka maandishi ya tangu karne ya 9, kilele cha mwaka 2021 kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa kabla yake.

Mtu aweza kuuliza: maua yakiwahi, kuna hasara gani? Jibu lilionekana Ufaransa mwaka huo huo wa 2021. Joto la Machi liliwahisha machipukizi ya mizabibu na miti ya matunda. Mwanzoni mwa Aprili ikaja baridi ya kugandisha, na mazao mengi yakaharibika. Kadhalika, ua likitangulia na mdudu akachelewa, mmoja hukosa mbegu na mwingine hukosa chakula. Uzuri wa bustani iliyochanua mapema waweza basi kuwa habari mbaya, na mwenye bustani asiye na daftari hawezi kulitambua hilo. Kumbukumbu ya kichwani husema, "Mwaka huu maua yamewahi," na mwaka ujao husema hivyo hivyo tena.

Hapa hapana budi kuwa na tahadhari. Ua moja lililowahi mwaka mmoja si ushahidi wa lolote. Ushahidi huja pale mmea ule ule, mahali pale pale, unapoangaliwa kwa kanuni ile ile kwa miaka mingi. Furaha bila kanuni huishia katika mazungumzo. Lakini kanuni bila furaha haidumu: hakuna mtu angeandika tarehe za vyura kwa miaka 60 kwa kulazimishwa.

Somo hili lawahusu walimu na wanafunzi wa Afrika Mashariki, ingawa hapa hakuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Karibu na ikweta, mimea mingi hufuata mvua na kiangazi kuliko baridi na joto. Machipukizi ya maua ya mbuni hulala wakati wa ukame, kisha mvua ikinyesha huchanua kwa pamoja baada ya siku kama 10 hivi. Mkakaya huwasha rangi yake nyekundu karibu na mvua za vuli. Mbayuwayu wa aina ile ile aliyoiandika Marsham huja Afrika wakati baridi ya Ulaya inapoanza na kurejea kaskazini majira yale yanapokaribia; mwanafunzi wa Morogoro anayeandika tarehe ya kuondoka kwao anakamilisha nusu ya pili ya habari.

Wako watakaosema kwamba muda wa masomo ni mfupi, mitihani ni mingi, na maua hayaliwi. Hoja ya muda ni ya kweli, lakini kazi hii huchukua dakika 5 kwa juma. Ama kuhusu chakula, embe, korosho na kahawa zote huanza kuwa maua. Anayepuuza ua amepuuza mavuno kabla hayajafika.

Shule inayotaka kuanza ichague miti mitatu iliyo karibu na madarasa, iipe namba, na iweke daftari moja lenye safu nne: tarehe, mti, kilichoonekana, na jina la aliyeona. Iamuliwe mapema nini maana ya "kuchanua", kwa mfano maua matatu yaliyofunguka kabisa. Kidato kinachomaliza kikabidhi daftari kwa kidato kinachofuata, kama kikabidhivyo kengele na funguo. Mashine ya maabara ikikosekana mwaka huu yaweza kununuliwa mwaka ujao. Lakini tarehe ya ua la kwanza la mwaka huu, isipoandikwa sasa, haitapatikana tena kwa bei yoyote.