Jezi ya Mtoto

Huku Temeke mtoto huvikwa jezi kabla hajajua mpira ni kitu gani. Baba humpa ya kijani na njano ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935. Mjomba naye humletea nyekundu ya Simba, iliyoanza 1936. Ashindaye ni nani? Mara nyingi twaona ni yule aliyemshika mkono siku ya kwanza uwanjani. Wala jina si kitu: Simba iliitwa Sunderland hata mwaka 1971, na wengi waliolelewa na jina lile hawakuihama.

Basi, enyi akina baba, timu yenu ishindwapo, msimdhihaki mtoto aliye wa timu ya pili. Kule Kinondoni ndugu wawili walinuniana siku tatu kwa ajili ya bao moja. Mama yao akawapakulia katika sinia moja.