Usingizi Wako wa Mchana Si Dhambi

 

Leo nazungumza na wewe unayeingia kazini wakati wenzako wanafunga milango. Wewe wa kiwanda cha majani chai pale Litein, Kapkatet, Momul, Mogogosiek au Kapkoros. Wewe muuguzi wa Tenwek. Na wewe askari wa lango, unayekesha na tochi na koti zito katika baridi hii yetu.

Sisi wa huku tunajua kwamba jani likishachunwa halingoji. Limechunwa mchana, lori limelileta jioni, na lisiponyaushwa na kukatwa kwa wakati wake linaharibika. Lazima mtu akeshe. Bonasi inayolipa karo, na hata inayoingia katika kapu la sadaka, imepita mikononi mwa mtu aliyekuwa macho saa nane usiku.

Sasa mtu huyo akisinzia ibadani Jumapili, tunamwitaje? Mlegevu. Akikosa kesha ya Ijumaa, tunasema amepoa kiroho. Mwingine anataka kumkemea pepo wa usingizi. Mpendwa, huyo hana pepo. Huyo hajalala!

Soma Matendo 20. Paulo alihubiri kule Troa mpaka usiku wa manane, na kijana Eutiko akalala dirishani, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, ambayo katika dola la Rumi haikuwa siku ya mapumziko. Biblia haituambii Eutiko alikuwa ametoka kazi gani. Inatuambia Paulo alifanya nini: aliacha kuhubiri, akateremka, akamkumbatia. Hakuna mahali alipomkaripia.

Soma tena 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hadi anaomba kufa. Malaika anamletea mkate na maji. Eliya anakula, analala tena, analishwa tena. Swali la Mungu, kwamba anafanya nini pale, lilikuja baadaye, kule Horebu. Kwanza usingizi na chakula, kisha mazungumzo. Ikiwa Mungu alimtendea nabii hivyo, wewe ni nani hata uuone usingizi wako kuwa udhaifu wa imani?

Kwa hiyo nakupa ushauri kama mchungaji wako.

Kwanza, lala. Ukifika nyumbani saa mbili asubuhi, ng'ombe anakungoja, shamba linakungoja, na simu inalia. Funga pazia, zima simu, ulale. Na ile chai nzito ya saa kumi alfajiri iache, maana ndiyo itakayokunyima usingizi asubuhi. Sikutishi, lakini shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2007, na likarudia 2019, kwamba kazi ya zamu ya usiku huenda ikachangia saratani. Mwili wako ni hekalu. Utunze.

Pili, pima maombi yako kwa zamu yako. Saa kumi na moja alfajiri ni saa njema ya maombi kwa aliyelala. Yako iwe jioni, kabla ya kutoka nyumbani, hata kama ni dakika kumi na tano. Kisha beba mstari mmoja tu moyoni usiku kucha. Ila usifumbe macho kuomba mbele ya mashine! Mashine ya kukata majani haijui kwamba uko rohoni. Na usifunge chakula katika wiki ya zamu ya usiku, hasa ukiwa unalisha kuni tanuri. Mungu atapokea mfungo wako wiki ya zamu ya mchana.

Tatu, usitembee peke yako. Usiku una majaribu yake: simu mkononi, upweke, mazoea na mtu ambaye si mwenzi wako. Tafuta ndugu mmoja wa zamu yako mkumbushane Neno wakati wa mapumziko. Na mume na mke mnaopishana mlangoni, tafuteni mlo mmoja kwa siku mle pamoja na kuombeana.

Wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, nanyi nawaambia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, lakini haisemi iwe Jumapili. Kama siku ya ndugu yetu ni Jumanne, basi tumwendee Jumanne alasiri, akishaamka. Tusihesabu waliokosa kesha kabla ya kuuliza nani alikuwa kazini.

Habari za kuzaliwa kwa Yesu hazikuanzia kwa waliokuwa wamelala. Katika Luka 2 zilienda kwa wachungaji wa kondoo waliokuwa zamu ya usiku, palepale kazini kwao. Bwana anajua njia ya kufika kiwandani kwako.

Baba, walinde watoto wako wa usiku huu. Linda mikono yao kwenye mashine na miguu yao njiani alfajiri. Kisha uwape usingizi mtamu, bila hatia. Katika jina la Yesu.

Kama uko zamu leo, andika AMINA na jina la sehemu yako, tukuombee. Na kama unatoka zamu sasa hivi, usiandike kitu. Nenda ukalale.