Ukimya wa sed si ushahidi

Mafundi wetu wa seva wana imani moja imewakaa sana: bingwa hafungui faili la usanidi. Anachapa mstari mmoja wa sed, anabonyeza Enter, na skrini ikinyamaza anaondoka kifua mbele. Amri haikulalamika, basi kazi imeisha. Uongo mtupu!

Lee McMahon aliitunga sed Bell Labs miaka ya 1970 ili ibadilishe maandishi mstari kwa mstari. Maana ya maandishi hayo haiijui. Ukiituma itafute kitu kisichokuwapo, haigombi: inarudisha sifuri, jibu lile lile la mafanikio.

Tuseme unataka kuzuia watu kuingia kwa nywila:

sed -i 's/^PasswordAuthentication yes/PasswordAuthentication no/' /etc/ssh/sshd_config

Kwenye Ubuntu mstari huo kwa kawaida umetanguliwa na alama ya reli (#), kwa hiyo hapo hakijaguswa kitu. Na sshd isipoambiwa lolote, inakubali nywila. (Amri hiyo hiyo kwenye Mac hugoma, maana -i ya huko inadai kiambishi cha faili la akiba. Afadhali ya Mac, angalau inapiga kelele.)

Mjanja atasema ataiondoa na hiyo reli. Sawa, mstari umebadilika. Lakini juu kabisa ya faili kuna Include inayovuta mafaili ya sshd_config.d, na sshd hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Kama humo kuna faili la cloud-init linalosema yes, no yako kule chini ni pambo. Utaikagua kwa grep, utaiona, utaapa umefunga.

Wala sikutumi kwenye nano. Anayehariri faili hilo hilo kwa mkono ananasa pale pale. Andika kifaili chako ndani ya sshd_config.d, jina lianze na 00 ili kisomwe mapema, halafu iulize sshd yenyewe: sshd -t hukagua makosa ya uandishi, sshd -T hutaja thamani zitakazotumika. Nginx nayo ina nginx -t, sudoers ina visudo.

“Tuna seva mia, nani ana muda huo?” Na kwenye mia utajuaje ni ipi sed ilipita bila kugusa kitu? Skripti iite sshd -T kwenye kila seva, na ikatae kuendelea popote isipopata passwordauthentication no. Ni mstari mmoja tu wa nyongeza, na ninyi si ndio wapenzi wa mstari mmoja?