Mlango Usio na Jina

Najua kuna mtu atasema nabishana juu ya neno tu. Sawa. Neno hilo lilinilaza ndani.

Niliacha chuo karo iliponishinda, nikaanza kuuza soksi mtaani. Kanjo wakanibeba. Mamangu alipouliza nimepelekwa wapi, akapewa jibu moja: "Yuko mahakamani." Akakopa pesa za faini, akaja. Ndani akakuta korido ndefu na milango mingi, yote imeandikwa Kiingereza. Akauliza mahakama iko wapi, akaambiwa, "Si ndiyo hii, mama." Akaingia mlango wa kwanza, akakaa hadi mchana akisikiliza kesi za mashamba ya watu asiowajua. Mimi nilikuwa chumba cha tatu kutoka hapo, nakubali kosa ili yaishe. Faini ikatajwa. Nikageuka kumtafuta, hayuko.

Sasa niambieni, mahakama ni nini? Ni idara nzima ya Jaji Mkuu. Ni jengo. Ni hakimu mwenyewe, "mahakama imeamua". Na ati pia ni kile chumba! Neno lina ukoo mzuri, limetoka Kiarabu pamoja na hukumu, hakimu na hekima, lakini tumelibebesha mzigo wa watu wanne. Huku mtaani tunasema "koti". Mwambie shosho uko koti, atafungua kabati.

Kitu ambacho hakikosi jina mle ndani ni kizimba. Na kizimba, kwa wasiojua, ni pa kufungia kuku. Yaani pa kumsimamisha mshtakiwa tumepataja vizuri. Pa mamake kuketi, hapana.

Wasomi watanijibu kwamba "chumba cha mahakama" na "ukumbi wa mahakama" yapo. Yapo magazetini. Pale mlangoni hayakuwapo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena lugha rasmi. Sheria inaruhusu korti za chini ziendeshwe kwa Kiswahili. Kama lugha inatosha kumhukumu mtu, basi inatosha kuandika mlangoni "Chumba cha Mahakama Namba 4". Hiyo ni kazi ya rangi na brashi, si ya kuunda kamati.

Mama alinipata kesho yake. Soksi hakuziuliza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa wapi, na mimi nilikuwa mahakamani siku nzima?"