Mwenye mimba ya kwanza afundishwe pia kutulia



Kila Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani hutukumbusha kwamba mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kuzaliwa, kisha apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Lakini mwenye mimba ya kwanza anahitaji pia kujua namna ya kutuliza mwili wake siku maziwa yatakapogoma kushuka. Yanashushwa na homoni ya oksitosini, nayo huzuiwa na hofu na maumivu. Watafiti Michael na Niles Newton walilionyesha hilo Marekani mwaka 1948. Nchini Malaysia, utafiti uliochapishwa 2019 uliwapa wazazi wa mara ya kwanza sauti iliyorekodiwa ya kuwaongoza kutulia. Msongo ulipungua, na watoto wao wakaongezeka uzito zaidi kuliko wenzao. Hao walianza baada ya kujifungua. Mimi naona tuanze mapema, kwani uchungu wa kidonda na usiku wa kukesha si wakati wa kujifunza jambo jipya.

Nitaambiwa wauguzi wamezidiwa. Ni kweli kabisa, ila wajawazito hukaa kwenye mabenchi ya kliniki wakisubiri zamu, na mkunga mmoja anaweza kuwaongoza wote kwa pamoja: legeza mabega, vuta pumzi kwa pua, itoe polepole. Wengine watasema bibi zetu hawakufundishwa hayo. Bibi zetu walizungukwa na mama na mashangazi siku arobaini nzima. Binti wa chumba cha kupanga mjini mara nyingi yuko peke yake. Wala kutulia hakuponyi chuchu iliyopasuka, kwa hiyo namna ya kumpakata mtoto na kumshikisha titi ifundishwe papo hapo.

Msomaji, Dar es Salaam