Maktaba si Chumba cha Mtihani

Asemaye kwamba watu wa mitaa yetu hawaendi maktaba hajapita karibu na mojawapo majuma mawili kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Viti hujaa, na wanaochelewa husoma wakiwa wameegemea ukuta. Lakini mtazame kila kijana: amekuja na kitabu chake, daftari lake na karatasi zake za mitihani ya miaka iliyopita. Rafu ziko nyuma ya kisogo chake, na hainuki kuzigusa. Mtihani ukiisha, ukumbi huwa mtupu. Ama watu wazima, ambao kodi yao ndiyo inayolipia paa na taa za mahali hapo, hao hawakuwapo tangu mwanzo.

Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, nikafundisha, nikaongoza shule hadi nilipostaafu, na sasa nimepita miaka sabini. Kwa hiyo nasema bila kupepesa macho: maktaba ya umma haikujengwa kwa ajili ya mtihani. Mzazi anayemwambia mwanawe, "Nenda maktaba ukasome," ilhali yeye mwenyewe hajavuka kizingiti chake, anamfundisha kwamba kusoma ni kifungo cha ujana, na kwamba mtu huachiliwa siku anapopokea cheti. Vijana wangapi wa nchi hii walisoma Siku Njema ya Ken Walibora kwa kuwa ilitahiniwa? Na wangapi kati yao waliifuata Kufa Kuzikana ya mwandishi yuyo huyo kwa hiari yao? Jibu analo kila msomaji moyoni mwake.

Aibu hii huwa nzito zaidi tukikumbuka tulikotoka. Maktaba ya McMillan, katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Mlango haukufunguliwa kwa watu wa rangi zote hadi mwaka 1958, na mwaka 1962 maktaba hiyo ikawa chini ya baraza la jiji. Matawi yake yako huku kwetu Eastlands, Kaloleni na Makadara, na Maktaba ya Taifa nayo ina tawi Buruburu. Wazee wetu walizuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi yao. Sisi tunazuiwa na nani? Bawabu tumekuwa sisi wenyewe.

Najua nitakavyojibiwa. "Mwalimu, wewe una pensheni. Sisi tunatafuta unga. Nani ana wakati wa kukaa na vitabu?" Hoja hii imekaa kichwa chini. Tajiri haihitaji maktaba ya mtaa; ana wakili, ana mhasibu, ana mtoto wa kumwagizia vitabu ng'ambo. Asiye na hivyo vyote ndiye anayelipa gharama ya kutojua.

Jirani yangu mmoja, mjane, aliniletea barua aliyoandikiwa na shemeji yake. Mirathi ya shamba la marehemu mumewe ilikuwa imekwisha kupita mahakamani bila jina lake kutajwa. Hakuna lililofanywa gizani. Tangazo lilikuwa limechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa, na mwenye pingamizi alipewa siku 30 ajitokeze. Siku hizo zilipita mama huyu akiuza mboga, umbali wa kutupa jiwe kutoka maktaba ambako angeweza kuuliza. Sheria bado inaruhusu hati hiyo iombewe kubatilishwa, lakini pingamizi ambalo lingetosha karatasi chache sasa limekuwa safari ndefu ya wakili, nauli na machozi. Hati ya shamba ikidaiwa kupotea, hutangazwa vivyo hivyo kabla ya mpya kutolewa, na muda wa pingamizi ni siku 60. Atakayeniambia kusoma ni anasa ya waliostaafu, aje amwambie mjane huyo.

Wengine husema maktaba imepitwa na wakati kwa kuwa kila mtu ana simu. Simu ninayo, wala siichukii. Gazeti hilo la Serikali linasomwa kwenye intaneti bila malipo, na Katiba pia. Lakini simu humletea mtu kile anachojua kukiuliza; asichojua kwamba kipo, hakiulizi kamwe. Mkutubi ana kazi nyingine. Ukimwambia, "Nina shida ya shamba," atakuuliza maswali mawili matatu, kisha akuelekeze kwenye sheria, tangazo na ofisi inayohusika. Hakuna dalali anayekufanyia hivyo bila kukunyoa.

Basi mtu mzima na aende mara moja kwa mwezi, akiwa na swali lake mkononi. Aulize Katiba iko rafu ipi. Aulize kanuni za mpangaji na mwenye nyumba. Asome fomu kabla ya kupanga foleni katika Kituo cha Huduma, ili asimlipe kijana wa mlangoni kumwandikia jina lake mwenyewe. Akinyimwa habari na ofisi ya umma, ajue kwamba sheria ya mwaka 2016 inampa haki ya kuiomba kwa maandishi, na kwamba ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Na akimaliza hayo yote, achukue hadithi moja ya kumpeleka usingizini. Hiyo nayo ni haki yake.

Serikali ya kaunti siisamehi. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti jukumu la maktaba, na paa linalovuja halizibwi kwa hotuba. Ukarabati wa Kaloleni na Makadara uliofanywa na shirika la Book Bunk, kwa makubaliano na Kaunti ya Nairobi, umeonyesha kwamba majengo haya hayakuwa maiti, yaliachwa tu. Hata hivyo, kiongozi huhesabu vichwa. Makadirio ya bajeti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kati ya hapo wananchi huitwa watoe maoni. Tunasimama kudai barabara na taa za mtaani, nasi twafanya vyema. Nani husimama kudai vitabu vipya, au mkutubi wa pili? Watahiniwa hawawezi, wengi wao hata kura hawajafikisha umri wa kupiga.

Rafu isiyoguswa humpa mwenye fedha sababu ya kutonunua kitabu kingine, na ukumbi mtupu humpa mwenye tamaa ya kiwanja sababu ya kuupimia kamba. Siku vibanda vya biashara vitakaposimama pale palipokuwa na maktaba, tutaandamana na kupiga kelele. Tutaulizwa ni lini tuliingia humo mara ya mwisho, nasi tutatazamana.