Picha ya retina haitaki kurembwa

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata, tuingie chumba cha daktari wa macho.

Umewahi kuegemeza kidevu kwenye kile kifaa cha mezani, ukamulikwa jichoni kwa mwanga mwembamba? Kinaitwa slitilampu, na kwa kweli ni hadubini yenye taa. Rafiki yangu anayehudumia macho kaunti moja hapa Kenya humtilia mgonjwa dawa ya matone ili mboni ipanuke, hushika lenzi ya diopta 90 mbele ya jicho, kisha huweka kamera ya simu yake kwenye tundu la kutazamia. Hapo hupata picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Kamera maalumu za kazi hiyo ni ghali mno. Simu anayo tayari.

Kwamba simu inaweza, sibishani. Utafiti uliofanyika Nakuru na kuchapishwa 2016 ulitumia simu yenye kishikizo chake, bila slitilampu, na hata mtu asiye mtaalamu wa macho alipata picha za kutosha. Ugomvi wangu ni na sisi waandishi wa programu.

Simu za siku hizi huunganisha fremu kadhaa, hufuta chenga, hunoa kingo na kukoleza rangi. Nzuri kwa picha za harusi. Lakini dalili za mwanzo za kisukari kwenye retina ni vidoti vyekundu, vivimbe vya mishipa midogo sana ya damu. Kwa programu inayowinda chenga, kidoti ni chenga tu! Halafu WhatsApp nayo huibana picha njiani. Rafiki yangu alinitumia picha ileile mara mbili, kama picha ya kawaida na kama faili. Nilipozikuza, vidoti viwili vilivyoonekana kwenye faili vilikuwa ukungu kwenye ile nyingine. Na daktari bingwa mjini huamua kwa picha hiyo kama mama wa watu apande matatu aje kutibiwa, au abaki nyumbani.

Kuna jambo jingine. Kwa lenzi hiyo picha hutokea juu chini, kushoto kulia. Lazima uizungushe nyuzi 180. Ukiigeuza kama kwenye kioo, jicho la kulia litaonekana la kushoto. Kwa mwandishi wa programu huo ni mstari mmoja tu wa msimbo.

(Na msiache picha hizo kwenye simu binafsi zikijipakia zenyewe mtandaoni. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inataja uchanganuzi wa retina pamoja na alama za vidole na DNA.)

Kwa hiyo namwandikia programu ndogo. Inazima flashi, inafunga fokasi na mwangaza, inahifadhi picha asili bila kuigusa, na inakataa kuendelea kabla hajachagua jicho la kulia au la kushoto. Analalamika kwamba picha zangu "hazipendezi". Sawa tu.

Kishikizo ndicho bado kinanitoa jasho. Cha kwanza nilichochapa kilikuwa kifupi milimita tatu, na kila picha ikatoka na duara jeusi pembeni.